Meno ya E Yanatazama Wapi?

Mungu alipogawa vipaji, Telesfori aliwahi foleni, akachukua mdomo, akaondoka bila kungoja vingine. Ndiyo maana hapo mtaa wa Kawajense alipopanga chumba hakuwa na jembe, hakuwa na duka, hakuwa na mke. Ila akisema "habari za asubuhi" mtu alijikuta ameshamvutia kiti, na akifika "habari za nyumbani" chai ilikuwa mezani, tena na andazi.

Mwezi ule alikuwa anauza miwani ya jua pale Mpanda mjini, anazunguka nayo imechomekwa kwenye kipande cha boksi kama mishikaki. Biashara ilikuwa mbaya. Jua lilikuwepo tele, watu wa kulikimbia ndio hawakuwepo. Basi mchana mmoja akaingia kwenye stashenari ya dada mmoja aitwaye Jeniffer, siyo kwamba alikuwa na shida ya karatasi, bali humo ndani kulikuwa na feni.

Akakuta vijana wamejaa wanatoa kopi za vyeti. Jeshi lilikuwa limetangaza kuchukua vijana, na usaili ungefanyika hapohapo mjini wiki inayofuata.

"Mbio mimi siogopi," alikuwa anasema kijana mmoja wa jezi nyekundu. "Nimekulia Usevya, nimeshakimbizwa na tembo. Mimi naogopa macho."

"Macho yana nini?"

"Wanapima, bwana! Wanabandika karatasi ukutani, ina E zimelala kila upande. Unaulizwa meno ya E yanatazama wapi. Ukikosea, kwaheri. Nani atampa bunduki mtu asiyeona?"

Vijana ambao tangu kuzaliwa hawajawahi kulalamikia jicho wakaanza kufumba hili, kufumbua lile, wanatazama kalenda ya ukutani. Mmoja akasema kwa uchungu kwamba tarehe ya leo haioni kabisa. Kalenda ilikuwa ya mwaka juzi.

Telesfori akahisi kitu kinamtekenya nyuma ya masikio. Riziki yake ilikuwa na kawaida ya kuingilia hapo.

Vijana walipotoka, akaegemea meza. "Jeni mdogo wangu, hiyo karatasi ya E wanayoisema, unaweza kunitafutia?"

"Unataka kwenda jeshini na hicho kitambi?"

"Nataka kulisaidia jeshi kwa nje."

Jeniffer akabonyeza, mashine ikakohoa, ikatema karatasi. Wino ulikuwa unaelekea mwisho. Zile E kubwa za juu zilitoka vizuri, lakini kuanzia mstari wa tatu zilikuwa kama uji uliomwagikia kitambaa, huwezi kujua mgongo uko wapi na meno wapi. Dada wa watu akasonya, akatikisa kopo la wino, akatoa nyingine iliyong'aa kama sahani ya mgeni. Ile ya kwanza akaanza kuikunja aitupe.

"Weee! Acha hapo!"

"Kaka, si imeharibika?"

"Hiyo mbovu ndiyo mtaji," alisema Telesfori, akiipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa ubatizo. "Hiyo nzuri ni nyongeza."

Kesho yake chumba kimoja cha mbele alichokodi mtaa wa Nsemulwa kilikuwa kimepakwa chokaa na kuning'inizwa kibao: KITUO CHA MACHO MAKALI, DAKTA TELESFORI. Alitaka aongeze "ya Kijeshi", mkono ukasita. Mwizi mwenye akili hapigi hodi kambini. Koti jeupe aliazima kwa Silvesta, muuza nyama wa jirani. Lilikuwa koti zuri, zito, vifungo vyote vipo, ila kifuani lilikuwa na doa ambalo sabuni ilishalikatia tamaa. Telesfori akalifunika kwa kalamu tatu na kipimajoto kilichokufa. Mgonjwa akisogea sana alisikia harufu ya maini, lakini nani anamuuliza daktari mambo ya harufu?

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi mpaka inatia huruma. Kijana anaingia, anasimamishwa kwenye mstari wa chaki, anaziba jicho moja kwa mwiko mdogo, anaoneshwa ile karatasi iliyokosa wino. Kwa kidole anaelekeza meno ya E yanapotazama. Mstari wa kwanza anapata. Wa pili anapata. Wa tatu jasho linaanza.

"Dakta, hapa naona kama... mende."

"Pole, mwanangu," Telesfori anasema kwa sauti ya msibani. "Kwenu hakuna aliyewahi kusumbuliwa na macho?"

"Bibi yangu alikuwa haoni."

"Alifariki mzee?"

"Mzee sana. Hata meno hakuwa nayo."

"Unaona sasa? Kumbe inashuka kwenye ukoo."

Hapo ndipo chupa inapotoka. Ndani yake kulikuwa na maji ya kisima yaliyochemshwa na sukari, lakini Telesfori aliyaita asali ya nyuki wadogo kutoka msituni, na mtu wa Katavi ukimtajia asali ya nyuki wadogo anavua kofia. Mgonjwa anadondoshewa, analazwa kwenye mkeka, anaambiwa afumbe macho dawa ishuke. Akiwa amefumba, Telesfori anabandua karatasi mbovu, anabandika nzima.

"Fumbua taratibu. Haya, soma."

Na kijana, kope zimenata kama maandazi yaliyokosa mafuta, anasoma mpaka mstari wa mwisho kabisa. Kuna waliolia. Mmoja alipiga magoti akaanzisha pambio humohumo ndani, na waliokuwa kwenye foleni nje wakaitikia bila kujua kilichotokea.

Tatizo lilikuwa nzi tu. Walimsindikiza kila aliyetibiwa mpaka kwao. Telesfori hata hilo alikuwa nalo jibu: "Wanafuata ugonjwa unaotoka. Ukiona nzi wamekuacha, ujue umepona."

Malipo yalikuwa chochote mtu alichojaliwa, jogoo, debe la mpunga wa Usevya, boga, redio. Wiki haijaisha, chumba cha nyuma kilikuwa kinawika.

Ndipo akaja Nyanzala. Binti wa Kisukuma, kamaliza kidato cha nne, mrefu mpaka aliinama mlangoni, mkononi kabeba kibuyu cha maziwa mgando kilichofungwa kwa kitambaa safi.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, binti. Simama hapo kwenye chaki."

Hata maelezo hakusubiri. Kidole chake kikaanza kazi: juu, huku, chini, huku, huku. Mstari wa tatu, wa nne, mpaka chini kabisa, kwenye ule uji wenyewe. Telesfori akaenda mwenyewe kwenye karatasi, akaweka pua juu yake. Hakuona E. Hakuona hata mende.

"Umejuaje?"

"Naona, Dakta. Wino umepauka, ila alama zake zipo. Mimi nimechunga tangu mdogo. Kupe namtoa kwenye sikio la ndama jua limeshazama."

Mganga aliyeletewa mtu asiyeumwa ana shida kubwa kuliko aliyeletewa maiti. Telesfori akachomoa kipimajoto, akakitazama, akakirudisha.

"Hii ni hatari," alisema.

"Hatari ipi? Si nimepata zote?"

"Ndiyo hatari yenyewe. Macho yako yamepitiliza. Jeshi linataka jicho la kumuona adui. La kwako linamuona mpaka ambaye hajaja. Jicho la namna hiyo, mwanangu, linaanzisha vita."

Nyanzala akakaa kwenye mkeka. Hakuwa mjinga, na ile harufu ya maini alishaisikia tangu mlangoni. Lakini mtu mwenye kitu kimoja tu anachokitaka duniani hawezi kufanya mzaha nacho.

"Dakta, nisaidie. Baba ameapa mbele ya wajomba zangu: jeshi wakinichukua, niende. Wakinikataa, naolewa na Malale."

"Malale ana ubaya gani?"

"Hana ubaya. Ana ng'ombe, na ana hadithi za ng'ombe. Kingine hana. Alikuja kunisalimia akaanza kunisimulia ndama wake aliyevunjika mguu. Nimemtengea chakula, amekula, ameaga, nimemsindikiza mpaka barabarani, mguu wa ndama bado haujaungwa."

Telesfori alimuonea huruma kweli, kiasi cha mtu anayekunywa maziwa ya mwenzake. "Rudi keshokutwa," alimwambia. "Wewe unahitaji mafunzo maalumu."

Kibuyu hakijafika nusu, mlango ukajaa kofia pana. Chini ya kofia kulikuwa na Mzee Masunga, baba yake Nyanzala, amejifunga shuka, mabuti ya mpira miguuni, fimbo mkononi.

"Mwangaluka, Dakitali."

"Mwangaluka, mzee wangu. Karibu. Macho yanasumbuaje?"

"Ya kwangu mazima. Nimekuja kuharibu ya binti yangu."

Telesfori akaweka kibuyu chini.

"Huyu Nyanzala aliyetoka hapa," mzee aliendelea, akijikalia kwenye kiti cha daktari. "Niliropoka mbele ya wajomba zake kwamba jeshi wakimtaka aende. Neno la mtu mzima halilambwi tena likishatoka. Basi mimi nataka wasimtake."

"Lakini mzee, sisi madaktari tumeapa kuponya."

"Nasikia. Mimi nina dume. Jeupe, lina mabaka meusi, nundu yake kama gunia la mkaa. Limefungwa nyumbani kwangu. Kesho likifungwa nyumbani kwako, kiapo kitasemaje?"

Telesfori akafikiri kwa muda wa kumeza mate.

"Kiapo kina mlango wa nyuma, mzee wangu."

Dume likaja kweli, na lilikuwa kama lilivyosifiwa. Lilipita Nsemulwa likisimamisha maongezi ya watu. Telesfori, mtoto wa mjini, alilishika kamba kama anayeshika nyoka, na kabla jua halijapoa akawa ameshalipeleka kwa Silvesta muuza nyama. Hawakuvutana sana. Silvesta alitaka nyama ya kuuza siku ya usaili, watu wangekuwa wengi. Telesfori alitaka kitu cha kumtoa mjini siku hiyohiyo, kabla nzi hawajaanza kuulizwa maswali. Akapewa pikipiki.

"Inawaka?" aliuliza Telesfori.

"Ikitaka," alijibu Silvesta, na hakuna atakayesema alidanganya.

Siku ya mafunzo maalumu, Nyanzala alisimama kwenye chaki amenyooka kama mchi. Telesfori alikuwa amekesha anafikiri, na alichokipata kilimfurahisha mwenyewe. Pilipili machoni, hapana, hakuwa mtu wa roho mbaya hivyo. Kwake yeye neno moja tu lingetosha kumwangusha mtu.

"Sikiliza kwa makini. Hapa kwangu nyie wote mnaelekeza kwa kidole. Jeshini kidole hakitakiwi, kidole ni cha raia. Kule unatamka kwa mdomo: juu, chini, kulia, kushoto. Sasa wengi wanaangukia hapa. Afisa anakaa anakutazama, siyo? Basi kulia kwako ni kushoto kwake. Na jeshini cha mkubwa ndicho kinachohesabiwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukiona kulia, tamka kushoto. Ukiona kushoto, tamka kulia. Kinyume, kila mara. Ukijisahau hata mara moja, umeshaolewa."

Nyanzala akatafakari. "Na juu?"

"Juu ni juu, hata kwa jenerali."

Binti akashukuru. Alipokuwa anaondoka midomo ilikuwa inacheza: kinyume, kinyume, kinyume. Telesfori akamtazama mpaka akakata kona, akajisikia fahari kama fundi aliyepiga ukuta ukanyooka.

Siku ya usaili mji ulihamia shuleni, maana vijana walikuwa wanapimwa kwenye madarasa. Akina mama walishatandaza karanga na mihogo. Silvesta alikuwa amechinja alfajiri; jiko lake lilikuwa linafuka moshi kwenye kona ya uwanja, watu wamelizunguka. Na kati ya waliozunguka, amekaa benchi la mbele, alikuwa Malale mwenyewe, redio imening'inia shingoni, amekuja kusubiri mke wake akataliwe. Kila mshikaki aliomaliza aliusifu.

"Hii nyama, kaka, huyu ng'ombe alilelewa na mtu anayejua ng'ombe," alimwambia Silvesta. "Mimi najua. Wacha nikueleze, nilikuwa na ndama mmoja, mguu wake..."

Telesfori alikuwa anapita na pikipiki yake pembeni, anaikokota kimyakimya kuelekea barabara ya Sumbawanga, mkono mgumu ulipomdaka kwenye kiwiko.

"Dakitali, unakwenda wapi? Njoo tutazame wote," alisema Mzee Masunga. "Uhodari wako unatakiwa uushuhudie."

Wakasimama dirishani, dirisha lisilo na kioo. Ndani alikuwepo daktari wa jeshi, mama mmoja mnene mtulivu, kijiti mkononi. Nyanzala akaitwa. Masunga bado amemshika Telesfori kiwiko.

Kijiti kikagusa E ya kwanza. Meno yalikuwa yanatazama kulia.

"Kulia," alisema Nyanzala.

"Sawa."

Telesfori akapepesa. Binti amejisahau, alijifariji, bado nyingi. Kijiti kikahama. Meno kushoto.

"Kushoto."

"Sawa."

Kiwiko kikaanza kuuma. Juu, sawa. Kulia, sawa. Chini, sawa. Kushoto, sawa. Kijiti kikashuka mpaka kwenye vile vijidudu vya mwisho ambavyo hata aliyevichapa angehitaji muda.

"Kulia. Kulia. Juu. Kushoto."

"Sawa, sawa, sawa, sawa," alisema yule mama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. "Macho ya mwewe. Anayefuata!"

Mzee Masunga akamgeuza Telesfori polepole, kama mtu anayegeuza kuku kwenye mkaa.

"Dakitali. Ulimfundisha nini mwanangu?"

"Kinyume! Mzee, Mungu mmoja! Nilimwambia akiona kulia aseme kushoto, akiona kushoto aseme kulia!"

Masunga akaachia kiwiko, akashika kichwa chake mwenyewe, kofia ikaanguka.

"Mayo nene! Yule mtoto ni mashoto!"

"Mashoto ndiyo nini tena?"

"Anatumia mkono huu!" Mzee alikuwa anaupiga mkono wake wa kushoto. "Mama yake alimfundisha akiwa mdogo: mkono wa kulia ni ule wa kulia ugali. Sasa yeye ugali anakulia huu! Tumemchapa, wapi. Mwalimu kamchapa, wapi. Mpaka leo, kwake yeye, kulia ni huku na kushoto ni kule. Shuleni walikuwa wakiambiwa geuka kulia, anagongana na darasa zima! Angekwenda na akili yake angekosea zote. Wewe umechukua kosa lake ukaligeuza, limekuwa sahihi!"

Telesfori alipiga hesabu ile kichwani, akaipindua, akairudia. Ilikuwa inatoka vilevile. Katika maisha yake yote ya kudanganya hakuwahi kumfundisha mtu jambo la kweli, na siku aliyofanya hivyo ilikuwa bahati mbaya.

Akaruka kwenye pikipiki. Akapiga kiki. Pikipiki ikasema "pu", ikanyamaza kama mkwe. Akapiga tena. Na hapo ndipo walipotokea wagonjwa wake.

Walikuwa wamefaulu wote. Wangeshindwaje, na macho yao yalikuwa mazima tangu tumboni mwa mama zao? Wakatoka madarasani wanaruka, kijana wa jezi nyekundu mbele, nzi nyuma.

"Dakta yule pale! Dakta wetu!"

"Niacheni, wanangu, nina safari..."

"Safari gani, leo unakula nyama!"

Wakambeba mabegani, koti la bucha linapepea, wanaimba pambio lile la Nsemulwa. Wakamzungusha uwanja mzima, wakamtua penye heshima, yaani kwenye benchi la mbele, mbele ya jiko la Silvesta, ubavuni kwa Malale.

Nyanzala akaja mbio, akapiga goti kama binti aliyelelewa. "Asante, Dakta. Nilisema kinyume kila mara, sikujisahau hata moja."

"Nimesikia," alisema Telesfori kwa unyonge.

Nyuma ya binti akaja Mzee Masunga, na watu wakamshangaa, maana uso ulikuwa mwingine. Mtu mmoja alikuwa amempongeza njiani, wa pili akamwita baba wa mwanajeshi, na lile neno lilikuwa limemkaa kifuani kama medali. "Huyu ni wangu!" alikuwa anatangaza kwa wauza karanga. "Macho ya mwewe! Daktari wa serikali kasema kwa mdomo wake!"

Malale akasimama, mshikaki mkononi. Hakuwa mtu wa hasira, alikuwa mtu wa ng'ombe.

"Baba, ina maana ndoa hakuna?"

"Neno ni neno, mwanangu. Wajomba wote walinisikia."

"Haya. Siwezi kushindana na serikali. Basi nirudishiwe dume langu la kishika uchumba."

Telesfori, aliyekuwa anatafuta upenyo kati ya miguu ya watu, akaacha kutafuta.

"Dume gani?" aliuliza.

"Nililotoa kwa mzee kumshikia Nyanzala. Jeupe, mabaka meusi, lina nundu..."

"...kama gunia la mkaa," alimalizia Telesfori.

"Unalijua?"

Silvesta akaacha kupepea moto. Nyuma yake, kwenye uzio wa shule, ngozi mbichi ilikuwa imeanikwa, nyeupe yote na mabaka yake meusi. Malale akaitazama ngozi. Akautazama mshikaki. Akatazama vijiti vitupu vilivyolala mbele yake kama kuni za wiki. Alikuwa na kipande mdomoni. Akakitafuna mpaka mwisho, akameza, maana nyama haitemwi. Halafu ndipo alipopiga yowe.

"Mimi nimenunua kwa Dakta!" aliwahi Silvesta. "Nimempa pikipiki yangu!"

"Mimi nimepewa na mzee!" alilia Telesfori. "Mzee, uliniambia dume ni lako!"

Masunga akavua kofia yake, akaipangusa vumbi taratibu, upande mmoja, upande wa pili.

"Mimi nilisema dume limefungwa nyumbani kwangu. Lilikuwa limefungwa wapi?"

"Umenilipa kwa ng'ombe wa mwenzio!"

"Na wewe uliniuzia nini? Nilitaka binti aanguke. Ameanguka? Mzigo sikuupata. Asiyeleta mzigo anarudisha malipo, hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Mlipe kijana wa watu dume lake."

Telesfori akafungua mdomo. Ule mdomo, urithi wake wote. Ukatoka upepo mtupu.

"Chukua pikipiki," alisema mwishowe.

Malale akaitazama pikipiki kama anavyotazamwa ng'ombe mwenye kimeta. "Haizai hiyo," alisema. "Kwetu aliyekula ng'ombe wa mtu na hana ng'ombe, analipa kwa miguu. Utanichungia, Dakta, mpaka ndama niliyenaye awe dume kama lile. Mguu wake umeshaungwa, nitakusimulia njiani."

Vijana, ambao hawakuwa wameelewa chochote zaidi ya kwamba Dakta wao anasafiri, wakamsukuma mpaka kwenye lori la mpunga na kumpungia mikono. Silvesta alimvua koti lake kabla hajapanda. Nyanzala aliondoka kesho yake na basi la kambini, kifua mbele. Mambo ya "kulia geuka" ni shauri lake na sajini wake.

Kwa Malale huko Usevya, siku yake ya kwanza malishoni, Telesfori alivishwa mabuti yaliyombana, akapewa fimbo na onyo moja: ng'ombe asipotee, na asisogee upande wa hifadhi ya wanyama. Jua lilipoanza kulala, Malale akaja kukagua.

"Wote wapo, bosi," aliripoti Telesfori, mdomo umeanza kurudi. "Sijaondoa jicho hata mara moja. Hasa yule mkubwa kule mbali, mwekundu. Mpole sana yule. Tangu mchana amesimama palepale anacheua."

Malale akakinga mkono juu ya macho, akatazama kule alikooneshwa. Akamtazama Dakta wa Macho Makali kwa huruma ya kweli.

"Hicho ni kichuguu, Dakta," alisema. "Ng'ombe wako hifadhini."